Maua ya Mawe ya Mto: Habari ya Mimea ya Uluguru na Majina Yake

Mtu atokaye mjini Morogoro na kushika njia ya mashariki ipitayo Kiroka huuzunguka mlima kabla ya kuupanda. Mjini ameuacha upande mkavu, ambao mvua yake ya mwaka kwa kawaida haifiki milimita 1,000. Afikapo Kinole yumo katika upande uelekeao Bahari ya Hindi, ambako mawingu yaletwayo na pepo za baharini hugonga miteremko na kuacha maji yake. Huko mvua hupita milimita 2,000 kwa mwaka, na juu zaidi huzidi sana. Ndiyo sababu Kinole ni nchi ya migomba, michungwa, mananasi na pilipili manga, na ndiyo sababu kila bonde lina kijito chake. Vijito hukutana vikawa mito, mito ikakutana ikawa Ruvu, na maji ya Ruvu ndiyo yanayowafikia watu wengi wa Dar es Salaam tangu mtambo wa Ruvu Juu ulipoanza kazi mwaka 1959 na ule wa Ruvu Chini mwaka 1976.

Katika vitabu vya historia Kinole hutajwa kwa jambo jingine. Ndiko yaliko makao ya Kingalu, mtawala ambaye Waluguru walimwendea kuomba mvua, na ambaye Waingereza walimtambua kuwa Sultani walipokuwa wakitafuta watu wa kutawala kupitia kwao. Habari za Kingalu zimekwisha kuandikwa na wenye kuzijua. Insha hii inahusu kitu kidogo zaidi, kidogo hata mpita njia hukikanyaga asijue: mimea mifupi yenye majani ya manyoya na maua ya zambarau au meupe, iotayo katika kivuli, juu ya mawe yaliyolowa kando ya vijito na maporomoko ya miteremko hii. Tutaangalia jinsi mimea hiyo ilivyopatikana, jinsi ilivyoelezwa na kupewa majina, na nani waliohesabiwa kuwa wavumbuzi wake.

Kwanza yafaa tuseme mmea wa mtoni ni upi. Iko mimea iishiyo ndani ya maji yenyewe, kama ile jamii ya Podostemaceae ambayo hujibandika juu ya miamba ya maporomoko kama rangi iliyopakwa, ikastahimili nguvu ya maji msimu wote wa mvua, kisha ikatoa maua kwa haraka maji yanapopungua na mwamba kuonekana. Iko na mimea isiyozama kamwe, bali haiwezi kuishi mbali na mto, kwa kuwa hutegemea ubaridi wa kivuli na unyevu urushwao na maji yanayopiga mawe. Mimea yetu ni ya kundi hili la pili. Jua likiingia, kwa sababu mti mmoja mkubwa wa ukingoni umekatwa, mmea wa namna hii hunyauka ingawa mto uko pale pale. Maisha yake yamefungwa na mambo matatu: jiwe, maji na kivuli. Moja likiondoka, mengine mawili hayatoshi.

Ua lake ni la kustaajabisha kwa mtu atakayekuwa na subira ya kupiga magoti. Lina vifuko viwili vya chavua vya rangi ya manjano, na halina asali. Kijiti chake cha kike hakikusimama katikati, bali kimepinda upande. Katika ua moja kimeelekea kushoto na katika jingine kulia, kama mtu na taswira yake katika kioo. Nyuki afikaye hulishika ua na kutetemesha misuli yake ya kurukia mpaka chavua ikamwagika kwa mtetemo. Hakuja kutafuta utamu, amekuja kuchukua unga. Mafundi wa bustani wa Ulaya walilipanda ua hili katika vyungu vya madirishani kwa miaka mingi bila kumwona nyuki huyo, wala hawakumhitaji, kwani jani moja likichomekwa katika udongo hutoa mizizi na kuwa mmea mzima.

Kwa jina la kitaalamu mimea hiyo iliitwa Saintpaulia. Jina hilo halikutoka Uluguru, lilitoka Tanga. Mwaka 1892 mtawala wa Kijerumani wa wilaya ya Tanga, Walter von Saint Paul-Illaire, aliiona mimea hiyo katika nchi ya Usambara akampelekea baba yake Ujerumani. Baba naye alimwonyesha Hermann Wendland, mkuu wa bustani za Herrenhausen mjini Hannover. Mwaka 1893 Wendland alichapisha maelezo yake, akaunda jenasi mpya kwa jina la ukoo wa mtawala yule, na spishi akaiita ionantha, maana yake kwa Kigiriki ni yenye ua kama la urujuani. Mwaka huo huo mmea ulionyeshwa katika maonyesho ya bustani mjini Ghent, Ubelgiji, na wauza mbegu wakaupokea kwa furaha. Katika miaka ya 1920 mbegu zilivuka bahari hadi Los Angeles, na kutoka hapo ua la milima yetu likawa bidhaa ya mamilioni katika Marekani na Ulaya. Mpaka leo Wajerumani huliita urujuani wa Usambara.

Lakini Saint Paul hakuwa wa kwanza kuuchukua. John Kirk, aliyekuwa balozi wa Uingereza Zanzibar, alikuwa amepeleka mmea huo Kew, karibu na London, mwaka 1884. Mwaka 1887 ulipelekwa tena na mmisionari W. E. Taylor kutoka nchi ya Wagiriama na vilima vya Shimba. Walimu wa Kiswahili watalitambua jina hili mara moja: ni Taylor yule yule wa Mombasa aliyekusanya methali zetu na kuhifadhi tungo za Muyaka. Huyu bwana alikuwa na mkono wa kuokota kila kitu chenye thamani, ila safari hii alichookota hakikumletea sifa. Sampuli za Kirk na Taylor zilikuwa pungufu, wataalamu wa Kew hawakuweza kuzitambua, zikawekwa katika makabati. Zilikaa humo mpaka Mjerumani alipopeleka mimea iliyo hai, ikatoa maua mbele ya macho ya Wendland.

Hapo ndipo ulipo msingi wa habari yote hii. Katika botania kupata si kueleza, na kueleza si kupata. Mtu aweza kuwa ameuona mmea tangu utoto wake, ameulaza jiwe kwa jiwe alipokuwa akiteka maji, amewaambia wanawe usiuguse au uguse, na bado kwa sheria za elimu hii mmea huo haujulikani. Unajulikana siku ile maelezo yake yanapochapishwa, pamoja na jina la maneno mawili kwa kufuata utaratibu ulioanzishwa na Linnaeus mwaka 1753. Tangu mwaka 1958 sheria inataka pia jina jipya lifungwe na sampuli moja maalumu iliyohifadhiwa katika hebaria, yaani nyumba ya kuhifadhia mimea iliyokaushwa. Sampuli hiyo ndiyo shahidi. Kesho na keshokutwa kukitokea ubishi kuhusu jina hilo lina maana ya mmea gani, haulizwi mzee wala kitabu. Hufunguliwa kabati, ikatolewa karatasi ile.

Kuipata karatasi hiyo katika mlima kama Uluguru si kazi nyepesi. Mmea hulazwa kati ya magazeti, ukabanwa kwa mbao na kamba, kisha ukaushwe upesi. Lakini hewa yenyewe ni maji; magazeti hulowa, na mmea wenye majani mazito yaliyojaa utomvu huoza au kugeuka mweusi kabla haujakauka. Zambarau ya ua hupotea kabisa. Kwa hiyo mkusanyaji mwenye akili huandika rangi siku ile ile, pamoja na urefu wa mahali kutoka usawa wa bahari, aina ya jiwe, jina la kijito na tarehe, kisha huwasha moto na kugeuza magazeti usiku kucha. Katika safari za zamani wenye kuwasha moto huo, kubeba mbao hizo, na kutaja jina la kijito, walikuwa wapagazi na viongozi wa njia. Kwenye lebo kwa kawaida kulikuwa na nafasi ya jina la mtu mmoja tu.

Wazungu waliokusanya mimea Uluguru walifuatana kwa haraka baada ya utawala wa Kijerumani kuingia. Mwaka 1894 Franz Stuhlmann, aliyekuwa ametangulia kusafiri na Emin Pasha hadi nchi za maziwa, alipanda milima hii na kufika katika uwanda wa juu wa Lukwangule. Mwishoni mwa mwaka 1898 akaja Walter Goetze, kijana aliyetumwa na mfuko wa Kijerumani kukusanya mimea kutoka pwani hadi Ziwa Nyasa na milima ya Wakinga. Katika Uluguru alikusanya mimea mingi, na ndani yake ilikuwamo miwili ya jamii yetu. Goetze hakurudi kwao. Alifariki mwaka 1899 katika nchi ya Ziwa Nyasa, na mizigo yake ikatangulia kufika Berlin bila yeye. Mwaka 1900 Adolf Engler, mkuu wa bustani na makumbusho ya botania ya Berlin, alichapisha maelezo ya mimea hiyo miwili. Mmoja aliuita Saintpaulia goetzeana, kwa kumkumbuka marehemu. Wa pili aliuita Saintpaulia pusilla, yaani mdogo sana.

Kwa muda wa miaka 43 karatasi za wakusanyaji hao zilikaa Berlin. Usiku wa kuamkia tarehe 2 Machi 1943, katika vita kuu ya pili, mabomu yaliangukia makumbusho hayo na hebaria ikaungua. Sehemu kubwa ya mimea iliyokusanywa Afrika Mashariki wakati wa Wajerumani iliteketea usiku ule, mashahidi wa mamia ya majina wakawa majivu. Wataalamu walilazimika kutafuta nakala zilizokuwa zimegawiwa hebaria nyingine kabla ya vita, na mahali ambapo nakala haikupatikana walibaki na maneno ya Engler peke yake. Watu husema kwamba mali ya nchi maskini iko salama ikihifadhiwa katika nchi tajiri. Moto wa Berlin wafaa kukumbukwa kila neno hilo linaposemwa. Mimea yenyewe, wakati karatasi zake zikiungua, ilikuwa ikiendelea kuota juu ya mawe ya Uluguru.

Baada ya vita kazi iliangukia mikononi mwa Waingereza. B. L. Burtt, aliyefanya kazi Kew na kuhamia Edinburgh mwaka 1951, alikusanya habari za Saintpaulia zote na kuzigawanya kwa kutazama hasa manyoya ya majani: marefu au mafupi, yaliyosimama au yaliyolala. Mwaka 1958 alieleza spishi nyingine ya Uluguru akaiita inconspicua, yaani isiyoonekana kwa urahisi. Katika miaka hiyo alieleza nyingine nyingi pia, ikiwamo teitensis ya milima ya Taita, Kenya, na hesabu ya spishi ikakaribia ishirini. Nyingi kati ya hizo alizijua kwa mimea michache iliyokuzwa katika nyumba za vioo. Hili si kosa la kumlaumu, ila ni jambo la kuangalia: mtu aliyeona mimea mitatu ya mlima mmoja na mitatu ya mlima wa pili huona tofauti kubwa, na aliyeona mia tatu huona kwamba tofauti hizo zimeunganishwa na mimea ya katikati.

Ndivyo ilivyotokea. Kazi kubwa ya kuandika mimea yote ya Tanzania, Kenya na Uganda, iliyoanza kuchapishwa mwaka 1952 na kukamilika mwaka 2012 ikiwa na spishi zaidi ya 12,000, ilifika kwenye jamii hii mwaka 2006. Mwandishi wa sehemu hiyo, Iain Darbyshire wa Kew, alizipunguza spishi zile hadi sita. Zile za Usambara na nchi za jirani ambazo Burtt alizitenga alizirudisha karibu zote chini ya ionantha. Lakini spishi tatu za Uluguru, goetzeana, pusilla na inconspicua, zilisimama. Kwa maneno mengine, Tanga ndiyo iliyoupa mmea huu umaarufu, na Uluguru ndiyo yenye mimea iliyo tofauti zaidi baina yao. Sababu huenda ni umri wa mlima wenyewe na unyevu wake usiokatika. Mimea iliyotengana kwa muda mrefu katika mabonde yake ilipata wasaa wa kuwa mbalimbali.

Haikuishia hapo. Mwaka 2009 Elspeth Haston wa Edinburgh alieleza spishi ya nne kutoka milima hii, akaiita Saintpaulia ulugurensis. Tuyapange majina hayo manne tuyatazame. La kwanza ni la mtu mgeni. La pili lasema mmea ni mdogo. La tatu lasema mmea hauonekani, nasi twaweza kuuliza, hauonekani kwa nani? La nne tu, lililokuja baada ya zaidi ya miaka mia moja, ndilo litajalo mahali mmea unapokaa. Ni kweli kwamba mimea mingine ya milima hii ilikuwa imekwisha kupewa sifa ya ulugurensis tangu enzi za Wajerumani, lakini katika ndugu hawa wanne wa mawe ya mtoni, ndilo lililochelewa.

Wakati huo huo jenasi yenyewe ilikuwa ikitikisika. Tangu zamani Saintpaulia ilitengwa na jamaa yake Streptocarpus kwa sababu ya tunda: Streptocarpus ni neno la Kigiriki lenye maana ya tunda lililosokotwa, na tunda la Saintpaulia limenyooka. Mwaka 1997 Michael Möller na Quentin Cronk walichunguza chembe za urithi za mimea hii, wakaonyesha kwamba Saintpaulia imezaliwa ndani ya ukoo wa Streptocarpus. Baada ya mabadiliko ya mwaka 2012 na 2015 wataalamu wengi sasa huihesabu humo. Basi jina la mtawala wa Tanga limeshushwa cheo, likabaki kuwa la tawi tu. Na kwa kuwa Streptocarpus ilikuwa tayari na pusillus mwingine, ile pusilla ya Engler ilibidi ipewe jina jipya kabisa, nayo sasa ni Streptocarpus afroviola. Mwanafunzi asishangae kuona kitabu kimoja kikitumia jina hili na kingine lile, mmea haukubadilika.

Kuna jambo dogo la lugha ambalo halifai kupitwa katika mkusanyo wa insha za utamaduni. Tangu mwaka 1935 mpaka mwisho wa mwaka 2011, spishi mpya ya mmea ilitakiwa ielezwe kwa Kilatini. Tangu tarehe 1 Januari 2012 imeruhusiwa kutumia Kiingereza badala yake. Kiswahili hakimo. Mtaalamu wa Morogoro aweza kuandika kurasa mia kwa Kiswahili fasaha kuhusu mmea mpya wa Kinole, naye kwa mujibu wa sheria hiyo atakuwa hajasema neno. Jina lenyewe, hata hivyo, laweza kuchukuliwa kutoka lugha yoyote. Wataalamu wa wanyama wametupa mfano mzuri katika mkoa wa Mbeya, ambako nyani mpya aliyeelezwa mwaka 2005 alipewa jina la kipunji, jina ambalo wakazi wa milima ya Rungwe walikuwa wakimwita tangu zamani. Hapo mlango uko wazi.

Msomaji aweza kuuliza, kuna faida gani mmea usiofaa kwa mboga wala kwa ujenzi kuwa na jina au kutokuwa nalo? Jibu limo katika mkoa huu huu wa Morogoro, upande wa kusini, katika milima ya Udzungwa. Mto Kihansi uliporomoka kwa kishindo katika korongo lake, na manyunyu yake yalilowesha mawe na misitu mchana na usiku. Ulipoanza kazi mtambo wa umeme wa megawati 180 katika miaka ya 1999 na 2000, sehemu kubwa mno ya maji iliingizwa katika mahandaki na manyunyu yakakoma. Chura mdogo wa manyunyu hayo alikuwa ametambuliwa na kuelezwa wakati ujenzi umekwisha kuanza. Mabomba ya kunyunyiza maji yaliwekwa, vyura wengine wakapelekwa Marekani, na mwaka 2009 alitangazwa kuwa ametoweka katika makao yake ya asili. Wazao wa wale waliopelekwa ng’ambo walianza kurudishwa korongoni mwaka 2012. Katika korongo hilo hilo kulikuwa na aina ya mbuni mwitu usiojulikana mahali pengine popote duniani. Maelezo yake, Coffea kihansiensis, yalichapishwa mwaka 2004, miaka kadhaa baada ya mitambo kuanza kuzunguka. Mtaalamu apimaye madhara ya mradi hutembea na orodha. Kisichokuwa na jina hakimo katika orodha, na kisichokuwamo hakihesabiwi katika hasara. Faraja moja imo katika waandishi wa mbuni huo: ni A. P. Davis wa Kew na Mvungi wa Tanzania, na majina yao yote mawili hufuata jina la mmea kila unapoandikwa kwa ukamilifu.

Turudi Uluguru. Misitu ya juu ya milima hii ilianza kuwekewa mipaka na Wajerumani, na mwaka 2008 hifadhi zake kubwa ziliunganishwa kuwa Hifadhi ya Mazingira Asilia ya Uluguru. Tamás Pócs, mtaalamu kutoka Hungaria aliyefundisha botania Morogoro kuanzia mwaka 1969, alipanda milima hiyo mara nyingi akapima mimea midogo laini ivikayo matawi ya miti ya juu kama sufu mbichi. Aligundua kwamba hekta moja ya msitu huo hunyonya na kushika maelfu ya lita kwa mvua moja, kisha huyaachia maji polepole. Mito ya Kinole isiyokauka kiangazi ina deni kwa sufu hiyo. Lakini mawe ya vijito hayakomei mpakani mwa hifadhi. Huteremka hadi mashambani, na huko chini msitu wa asili umebaki vipande, kama Kimboza, upande wa Matombo, wenye hekta zipatazo 400 tu, na ile miti iliyoachwa kandokando ya maji au juu ya makaburi ya koo.

Vipande hivyo vya miti havikuachwa kwa bahati. Waluguru huhesabu ukoo kwa upande wa mama, na ardhi ilikuwa ya ukoo. Palipozikwa wakubwa wa ukoo na palipofanyiwa matambiko hapakulimwa. Kolelo, mzimu mashuhuri wa milima hii, aliendewa hata na Wazaramo wa karibu na pwani kwa ajili ya mvua na mavuno. Sisemi kwamba wazee walikataza kukata miti kwa kuwa waliijua botania, wala sipendi ile desturi ya siku hizi ya kuwavika wazee wetu joho la wataalamu wa mazingira. Walikuwa na sababu zao, nazo zilikuwa za dini na za heshima ya wafu. Matokeo yake hata hivyo yalikuwa kivuli juu ya jiwe.

Serikali za baadaye zilikuja na sababu nyingine na mbinu nyingine. Kuanzia mwaka 1950 Waingereza waliendesha mpango wa matumizi ya ardhi Uluguru, wakawalazimisha watu kuchimba matuta ya ngazi ili kuzuia mmomonyoko usichafue Ruvu. Wakulima walilalamika kwamba udongo wa juu ni mwembamba, na kwamba ngazi hizo zilifukia rutuba na kufunua udongo usiozaa. Hawakusikilizwa. Mwezi Julai 1955 ghasia zilitokea Matombo, mtu mmoja akapoteza maisha, na mpango ukaachwa. Kingalu na wakubwa wengine, waliotakiwa kuisimamia kazi hiyo kwa watu wao wenyewe, walijikuta kati ya moto miwili. Mlima uliokuwa na mvua kwa dua zao ukawa na matuta kwa amri zao, na watu hawakukosa kuziona tofauti hizo mbili.

Leo ipo Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, ambayo hukataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto. Kwa mimea tuliyoieleza hapa, sheria hiyo ni njema kuliko hifadhi yoyote iliyo kileleni, kwa kuwa hufuata maji yenyewe hadi chini. Ila mwenye kuitunga alikuwa na mto wa tambarare mawazoni. Katika bonde jembamba la Kinole, mita 60 za upande huu na 60 za upande huu zaweza kulimeza shamba lote la mtu, pamoja na migomba iliyopandwa na bibi yake na nyumba iliyo juu yake. Baina ya sheria na shamba hilo kuna kazi ambayo bado haijafanywa: kujua ni jiwe lipi lenye mmea na ni lipi lisilo nao, ni kijito kipi ambacho kuacha miti ya hatua kumi tu kungetosha, na ni kipi ambacho mita 60 hazitoshi.

Kazi hiyo haihitaji safari ya Berlin. Kuna hebaria katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na nyingine ya taifa Arusha, na Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine, kilichopata hadhi hiyo mwaka 1984, kiko chini ya mlima wenyewe. Shule za sekondari za miteremko hii zina wanafunzi wanaovuka vijito viwili au vitatu kila asubuhi. Daftari la mmoja wao, likiwa na jina la kijito kama wenyeji wakiitavyo, tarehe, rangi ya ua kabla halijanyauka, na jina la mwenye shamba aliyekubali mtu apite, lingekuwa na habari nyingi kuliko lebo nyingi zilizoandikwa mwaka 1898.